Mgeni wa Nani?

Mwaka jana nilipewa nyota tatu na mgeni, na wallahi nilikasirika wiki nzima. Nyumba ilikuwa safi. Shuka zilikuwa zimepigwa pasi. Fridji ilikuwa na chupa mbili za maji, mezani pakiti mbili za biskuti, majani ya chai ya vifuko, na kikadi nilichochapisha mjini kimeandikwa KARIBU kwa maandishi ya kupendeza, na mnazi umechorwa pembeni. Hiyo pakiti yote ya makaribisho niliikopi kwenye video ya jamaa mmoja wa ng'ambo. Sasa nyota tatu za nini?

Wacha niwape stori vile ilivyokuwa, halafu tutarudi nyuma kama miaka 700 hivi. Msikimbie.

Nyumba si yangu. Ni ya Mama Mdogo, hapa hapa Ziwa la Ng'ombe, upande huu wa barabara ya Malindi ambao watalii huuona tu kupitia dirisha la gari wakielekea Bamburi. Yeye anaishi chini, ile ya juu ilikuwa ya mpangaji aliyehama. Mimi ndiye niliyempa wazo la kuifanya bienbii, nikapiga picha, nikaiweka kwenye app, nikaipa jina la kizungu ambalo sasa naona haya kulitaja. Na nikampa Mama Mdogo masharti: wageni wakija, usiwasumbue. Wageni wa siku hizi wanataka faragha. Mlango una kitasa cha namba, mimi nitawatumia namba kwa simu, wataingia wenyewe. Aliniangalia tu, akasema, "Haya mwanangu, nyinyi ndio mliosoma."

Mgeni huyo alikuja na treni ya jioni kutoka Nairobi, yeye na mtoto wake wa miaka sita, kuja kumwona mgonjwa. Lokesheni niliyomtumia ilikuwa imekaa vibaya kidogo, ikamwangusha uchochoro wa pili. Simu ikazima. Saa nne usiku, mwanamke, begi, mtoto amelala begani. Akaenda dukani kuuliza. Mwenye duka, mtu mwema kabisa, akamuuliza swali moja ambalo mtu yeyote wa huku angeuliza: wewe ni mgeni wa nani?

Hakujua. Alijua jina la kizungu la nyumba, na picha yangu ndogo nimevaa miwani ya jua. Mtaa mzima unamjua Mama Mdogo, lakini hakuna anayeijua hiyo nyumba kwa jina nililoipa mimi. Alizunguka kama dakika arubaini. Na muda wote huo Mama Mdogo alikuwa ameketi chini, mlango wazi, sufuria ya mbaazi jikoni, ananisubiri mimi nimwambie kama mgeni amefika.

Kwenye rivyu aliandika kwamba nyumba ni nzuri na maji yalikuwa baridi, ila usiku ule hakuwa mgeni wa mtu yeyote. Nilipomsomea Mama Mdogo, alinyamaza. Halafu akasema, "Chumba umempa. Mwenyeji hukumpa."

Hapo ndipo nilianza kusoma. Na nilichokipata kimenifanya nione zile biskuti zangu kwa jicho jingine kabisa.

Mwaka 1331, kijana wa Tangier, Moroko, anayeitwa Ibn Battuta, alishuka na meli kwenye pwani yetu hii. Alikuwa na miaka 27 hivi, anazunguka dunia. Safari zake alikuja kuzisimulia baadaye, kitabu kikakamilika 1355, kwa hivyo tusimwite mwanablogu, alikawia sana kupost. Kituo kimoja kilikuwa Mogadishu, na alichokiona bandarini pale ndio kisa chenyewe.

Meli ikitia nanga, anasema, vijana wa mji walikuwa wanatoka na sambuki ndogo ndogo kuifuata. Kila kijana amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Anapanda, anamchagua mfanyabiashara mmoja kati ya waliomo, anampa ile sahani, na kumtangaza mbele ya wote kuwa ni mgeni wake. Basi. Kuanzia hapo yule mfanyabiashara halali kwingine ila nyumbani kwa huyo kijana. Walioachiwa waende watakako ni wale tu waliokwisha kuja mara nyingi na wanajulikana mjini.

Hebu tulia hapo kwenye sahani. Sisi tungeiona tukasema, ah, ukarimu wa watu wa pwani, kama ule wa kwenye mabango ya utalii. Lakini Ibn Battuta anaendelea: mwenyeji ndiye anayemuuzia mgeni bidhaa zake na kumnunulia anachotaka. Na mtu akimpunja mgeni, akanunua mali yake kwa bei ya kutupa, au akamuuzia kitu mwenyeji hayupo, biashara hiyo inahesabiwa batili. Soma tena. Mji mzima ulikubaliana kwamba mgeni hawezi kuibiwa kienyeji, kwa sababu ameshakula sahani ya mtu, na huyo mtu ana jina na ana mlango.

Yani chakula kilikuwa mkataba. Hakuna karatasi, hakuna sahihi. Mashahidi ni kila aliyekuwa kwenye meli na kuona nani amempa nani sahani.

Na tusijifanye malaika, kulikuwa na pesa ndani yake. Mwenyeji alikuwa anapata faida yake kwenye kila mauzo, na mgeni naye alikuwa amefungwa, hawezi kutoka sokoni peke yake akatafuta bei nzuri zaidi. Ukitaka kuiita udalali, sikatazi. Ila ni udalali ambao dalali anaweka uso wake.

Yeye mwenyewe Ibn Battuta hakuchukuliwa na kijana wa sambuki, kwa sababu wenzake walisema huyu si mfanyabiashara, ni mtu wa sheria. Kwa hivyo kadhi akamchukua. Sultani akamletea majani ya tambuu na popoo, na akanyunyiziwa marashi ya mawaridi kutoka Damascus. Siku tatu akaletewa chakula mara tatu kwa siku: wali uliopikwa kwa samli kwenye sinia kubwa la mbao, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Maziwa ya mgando, na pembeni achari ya ndimu, achari ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Halafu anashangaa kwamba mtu mmoja wa pale anakula chakula cha kikundi kizima cha kwao.

Mimi nilicheka nikiisoma hiyo orodha, kwa sababu toa ndizi za maziwa, vilivyobaki vyote navipata leo kabla ya magharibi bila kupanda matatu. Achari ya ndimu iko kwenye ndoo kila penye biriani. Tambuu inauzwa Old Town. Marashi tunanyunyiziwa kwenye harusi. Miaka 700 imepita na menyu haijasogea sana.

Hata siku tatu zenyewe tunazijua. Dini imefundisha kwamba haki ya mgeni ni siku tatu, kinachozidi hapo ni sadaka. Na Waswahili, na ule utani wetu, tumepunguza: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Kwetu Mombasa alilala usiku mmoja tu, akaelekea Kilwa. Aliandika kwamba watu wa kisiwani wanakula zaidi ndizi na samaki, nafaka wanaletewa kutoka nje, na kwamba milangoni pa misikiti kuna visima vifupi na chombo cha mbao cha kuchotea maji, mtu anaosha miguu ndiyo anaingia. Ndio maji ya makaribisho hayo, ukitaka. Kabla ya chupa.

Wakati huo mgeni wa pwani hakuwa mtu wa wikendi. Kaskazi inamleta kuanzia mwisho wa mwaka, na harudi kwao mpaka kusi ianze kuvuma, mwezi wa nne hivi. Miezi yote hiyo alale wapi? Lamu, nyumba za mawe za wenye uwezo zilikuwa na chumba cha wageni karibu na daka la mlangoni, ili mtu aingie na kutoka bila kupita kwa watu wa nyumbani. Chumba hicho kiliitwa sabule. Ndiyo hiyo hiyo sebule tunayoweka televisheni siku hizi. Kwa hivyo mtu akikuambia kukodisha chumba cha mbele kwa wageni ni uvumbuzi wa vijana wa California, mwambie aangalie hata neno analotumia kuitia sebule yake. Faragha ilikuwepo, tena imejengwa kwa mawe, na bado mgeni alikuwa na mwenyewe.

Sasa kuna upande mwingine, na huu unauma, kwa hivyo nitapita haraka. Mwezi wa nne mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga Mombasa. Kesho yake mfalme wa Mombasa akamtumia kondoo, machungwa na ndimu kwa wingi, na miwa, pamoja na pete kama dhamana ya usalama. Angalia: chakula, na juu yake pete. Lugha ile ile ya kusema uko chini ya ulinzi wangu. Lakini pande zote mbili hazikuaminiana, na siku chache baadaye Wareno wakawamwagia watu wawili waliokuwa melini mwao mafuta ya moto ili waseme kama kuna njama. Wakang'oa nanga. Malindi, ambayo ilikuwa na ugomvi wake na Mombasa, ikawapokea vizuri, kondoo tena na viungo juu, na urafiki ukashika; nguzo ya jiwe ya Wareno iko Malindi mpaka leo. Mwaka 1505 Wareno wengine, chini ya Almeida, wakaja Mombasa wakaipora na kuichoma. Kondoo na miwa haviwezi kumgeuza mtu aliyekuja na mizinga.

Tusogee mbele, huku kwetu bara ya kaskazini.

Babu yangu alikuwa mtu wa trei. Miaka ya sabini na themanini, mahoteli ya ufuoni Nyali na Bamburi yalikuwa yanajaa Wajerumani na Waingereza, na mtu wa Ziwa la Ng'ombe au Kisauni akitaka kazi anavuka barabara. Babu alivaa shati la maua, akasimama mlangoni na trei ya juisi ya maembe na ukwaju, glasi zina ua la rozela ukingoni, basi la kutoka uwanja wa ndege linapofika. Mwaka 1982 ndio Them Mushrooms walitoa ule wimbo wao wa Jambo Bwana, na nyinyi nyote mnaujua, kwa hivyo mnaweza kuisikia hiyo picha.

Babu alikuwa anasema jambo moja ambalo zamani nililiona la mzee kulalamika tu. Anasema alikaribisha watu maelfu na hakuwahi kuwa na mgeni hata mmoja. Juisi si yake, nyumba si yake, na akiitwa na mtalii kwa jina, jina lenyewe limeandikwa kifuani na kampuni. Mgeni akiibiwa ufuoni, anaenda kwa meneja. Yeye alikuwa mkono wa kushika trei. Na yeye mwenyewe hakuwahi kulala kwenye hoteli hiyo hata usiku mmoja.

Hapo ndipo sahani ilipoachana na mwenyewe. Chakula cha makaribisho kikabaki, kikapendeza hata zaidi, ila kilichokuwa ndani yake, ile ahadi, ikahamia kwenye ofisi.

Halafu ikaja hii yetu. Oktoba 2007, vijana wawili San Francisco walishindwa kodi ya nyumba. Mkutano wa wabunifu ulikuwa umejaza mahoteli, wakaweka magodoro ya kujazwa upepo sebuleni, wakapata wageni watatu na kuwapikia kiamsha kinywa. Kampuni wakaiita AirBed & Breakfast, godoro la upepo na chai ya asubuhi. Mwaka uliofuata walipokosa pesa kabisa walijiokoa kwa kuuza nafaka za boksi, zile za kula na maziwa, zimechorwa Obama na McCain, dola 40 kwa boksi. Naapa sitanii: chakula ndicho kilichoiokoa Airbnb. Na mwaka 2009 wakafupisha jina, "breakfast" ikabaki herufi moja mwishoni.

Sisi Wakenya tukaokota herufi hizo tukafanya neno letu, bienbii. Mtu anakuambia nimepata bienbii safi Mtwapa, na hakuna hata mmoja wetu anayeuliza b ya pili imeenda wapi.

Reli mpya ilipoanza 2017 watu wa Nairobi wakawa wanashuka kila wikendi. Korona ikaja 2020, mahoteli yakafunga, watu wa trei wakarudishwa nyumbani, na kila mwenye chumba cha ziada akafikiria nilichofikiria mimi. Sote tukaangalia video zile zile, tukanunua biskuti zile zile.

Sasa niwaambie ninachoamini, mnaweza kunipinga.

Kibaya cha biskuti zangu hakikuwa ubahili. Biskuti inakaa miezi sita kwenye pakiti. Naweza kuiweka mezani Jumatatu, nikaenda zangu Kilifi, mgeni akaila Ijumaa, na mimi na yeye hatutaonana kamwe. Ndiyo maana tunazipenda. Lakini mbaazi za nazi? Kwa joto la Mombasa, mbaazi za asubuhi jioni zishaanza kuchacha. Hamri likilala linakuwa jiwe. Dafu likishakatwa huna masaa mengi. Vyakula hivi huwezi kuviacha mezani ukaondoka. Lazima mtu avilete mgeni akiwa amefika, avishike mkononi, agonge mlango, aseme jina lake. Ile sahani ya sambuki ilikuwa imefunikwa, nadhani kwa sababu ndani kulikuwa na kitu cha moto, na cha moto hakiji bila mtu.

Na hili si jambo la hisia tu. Mnakumbuka Januari 2024, wanawake walipouawa kwenye nyumba za kukodi za siku moja moja kule Nairobi. Mjadala wote baada ya hapo ukawa kamera, vitambulisho, usajili. Vyote sawa, viwekwe. Ila mimi nikakumbuka kitasa changu cha namba. Mtu angeweza kuingia nyumba ya Mama Mdogo, akalala, akaondoka, na hakuna jicho hata moja la mtaa lililomwona uso. Mwenyeji anayepanda ngazi na sahani amemwona aliyeingia na ameona wako wangapi. Na mgeni amemwona yeye, anajua akipiga kelele nani yuko chini.

Kuna watakaosema, mwanangu, mimi nikikodi nataka niachwe. Nawaelewa, hata mimi nikienda kwa watu napenda kuachwa. Na dada mmoja aliniambia kitu sikuwa nimekifikiria: msichana aliye peke yake hataki kijana asiyemjua agonge mlango saa tatu usiku eti amemletea mahamri. Ni kweli kabisa. Kwa hivyo mimi sigongi. Anayepanda ni Mama Mdogo, tena mgeni anaambiwa mapema kwa ujumbe kwamba atakuja, jina lake, na saa ngapi. Akisema hataki, sahani haiendi, lakini jina na namba ya Mama Mdogo anazo. Na tunauliza kwanza kama kuna anayedhurika na nazi au njugu. Mwezi wa Ramadhani, akiwa anafunga, sahani inapanda na adhana ya magharibi na tende juu.

Gharama? Mahamri sita kwa jirani ni shilingi sitini. Mbaazi anapika mwenyewe, alikuwa anapika hata hivyo. Dafu mbili kwa jamaa wa mkokoteni, na chai ya tangawizi kwenye chupa ya chai. Nikipiga hesabu hainipiti sana na zile biskuti na kadi ya kuchapisha, na pesa inabaki mtaani. Mwenye mahamri sasa anajua siku ambazo tuna mgeni. Mwenye duka naye anajua. Jina la kizungu nimelitoa kwenye app, nyumba sasa ina jina la Mama Mdogo.

Yule mgeni wa nyota tatu nilimwandikia kuomba radhi. Nilikawia, kama Ibn Battuta. Alijibu kwamba mgonjwa wake alikuwa bado wodini na atarudi mwisho wa mwezi, na akauliza kama kuna nafasi.

Alirudi Alhamisi, treni ile ile. Safari hii mimi ndiye niliyesimama barabarani pale matatu zinapogeuzia, nashika tochi ya simu. Tulipofika langoni mtoto alikuwa macho. Mama Mdogo alikuwa anashuka ngazi ameshatangulia kuweka sahani, akarudi nayo juu tena ili aitoe kwa mkono, kawa imekaa juu ya sahani, na mtoto akataka kujua kwa nini chakula kimevaa kofia.